Kuandaa Wiki ya Elimu ya UKIMWI Chuoni: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Zanzibar, wawe Tunguu, Mbweni, Chukwani, Vuga au Mchangamdogo kule Pemba, ambao wangependa kuandaa wiki moja ya elimu ya UKIMWI miongoni mwa wenzao. Nimeshiriki katika shughuli hizi tangu nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na baadaye nikawa mwelimishaji rika. Jambo moja nililojifunza, ambalo gharama yake alilipa mtu mwingine, ndilo linaloongoza kila hatua itakayofuata: katika visiwa vyetu, ambako ni nadra kukutana na mtu asiye jamaa wala jirani wa mtu unayemjua, kazi hii husimama kwa sitara na huanguka kwa kukosa sitara. Mabango na fulana hujaza ukumbi, lakini mwenye haja kubwa zaidi na wiki hiyo ni yule mwanafunzi anayeogopa kuonekana akiingia, na ndiye anayestahiki kufikiriwa mwanzo kila mnapopanga jambo.

Hatua ya kwanza: Jifunzeni kabla ya kufundisha

Anzeni wiki sita au nane kabla. Wiki mbili za mwanzo zitumieni kujisomea na kuulizana maswali, kwa sababu mwelimishaji rika anayebabaika mbele ya wenzake hupoteza imani yao siku hiyo hiyo. Kila mmoja wenu aweze kueleza bila kusoma kwamba VVU ni virusi na UKIMWI ni hali inayofuata pale virusi hivyo vinapoachwa bila ya tiba mpaka kinga ya mwili ikaporomoka. Kwamba virusi hupita kwa njia ya kujamiiana, kwa damu, ikiwamo sindano zinazochangiwa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Na kwamba havipiti kwa mbu, kwa kula sahani moja, kwa kupeana mikono wala kwa kulala chumba kimoja cha dahalia.

Jueni pia habari ambazo wengi hawajazisikia bado. Tiba ya siku hizi kwa watu wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na anayeianza mapema akaitumia bila kukatiza anaweza kuishi umri unaokaribia ule wa mtu asiye na virusi. Mtu ambaye dawa zimevifubaza virusi vyake mpaka vikawa havionekani katika kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mama anayeishi na VVU anayetumia dawa ipasavyo ana nafasi kubwa sana ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Na aliyehofia kuambukizwa, awe amebakwa, amechomwa na sindano au vyenginevyo, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi zinazotumiwa kwa siku 28, mradi azianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Saa hizo 72 ndizo ningependa zikaririwe na kila mwanafunzi kuliko tarakimu nyengine yoyote iliyomo humu, kwa kuwa ndizo zinazoweza kumfaa mtu usiku ule ule.

Hatua ya pili: Jibuni swali la "sisi linatuhusu nini?"

Swali hili mtaulizwa, na mara nyingi atakayeliuliza ni mtu mwema asiye na nia mbaya. Kiwango cha maambukizi kwa wakaazi wa Zanzibar kwa jumla kiko chini ya asilimia 1, wakati Tanzania Bara ni mara kadhaa zaidi ya hapo, na wapo wanaodhani kwamba kulizungumza jambo hili chuoni ni kulikaribisha. Wajibuni kwa upole na kwa ukweli. Wagonjwa wa mwanzo waliotambuliwa hapa walikuwa watatu, mwaka 1986, miaka mitatu baada ya ugonjwa kugunduliwa Kagera, kwa hivyo maradhi haya yana umri mkubwa kuliko kila mwanafunzi aliyemo darasani. Wastani huo mdogo pia unaficha tofauti kubwa, kwa sababu miongoni mwa makundi fulani, wakiwamo vijana wanaojidunga dawa za kulevya, kiwango kimekuwa juu mara nyingi zaidi ya wastani, na vijana hao ni kaka zetu na wana wa shangazi zetu tunaowapita maskani kila siku. Halafu iko Afrika yenyewe. Kwa takwimu za shirika la Umoja wa Mataifa la UNAIDS, mwaka 2023 watu wapatao milioni 39.9 duniani walikuwa wakiishi na VVU, na milioni 20.8 kati yao, yaani zaidi ya nusu, walikuwa Mashariki na Kusini mwa Afrika; mwaka huo duniani kote watu wapatao 630,000 walifariki kwa maradhi yanayotokana na UKIMWI. Sisi tumo ndani ya ukanda huo, tunasoma na wenzetu wa Bara, tunaoa na kuolewa huko, na wengi wetu tutakwenda kufanya kazi huko.

Hatua ya tatu: Undeni kamati ndogo

Watu wanane wanatosha. Wawemo wanawake na wanaume kwa idadi iliyo sawa au inayokaribiana, mmoja anayelala dahalia ya wanawake na mmoja ya wanaume, mmoja anayesali na kusaidia katika msikiti wa chuo, mmoja kutoka serikali ya wanafunzi na, mkiweza, mmoja anayesomea uuguzi au udaktari. Kikao cha kwanza kiwe cha kiapo: lolote litakalosikika au kuonekana katika kazi hii halitoki nje, hata kwa mke, mchumba au rafiki wa chumbani. Asiyeweza kulibeba hilo apewe kazi ya viti na vipaza sauti, ambayo nayo ina heshima yake.

Hatua ya nne: Ruhusa, tarehe na wataalamu

Andikeni barua kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa uongozi wa kampasi, mkieleza siku, mahali, wageni na aina ya huduma. Wasilianeni na Tume ya UKIMWI Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, kwa ajili ya elimu na machapisho, na kitengo cha Wizara ya Afya kinachoshughulikia UKIMWI kwa ajili ya wapimaji na washauri nasaha. Msikubali kupimwa na mtu asiye na idhini ya Wizara, hata akiwa anatoa huduma bure.

Kuhusu tarehe, kila mtu hukimbilia tarehe 1 Disemba, ambayo tangu mwaka 1988 huadhimishwa kuwa Siku ya UKIMWI Duniani. Ushauri wangu ni kuiacha siku hiyo ipite. Wataalamu wote siku hiyo wako viwanjani na viongozi, na nyinyi mtapewa watu wawili waliochoka kuhudumia wanafunzi mia tatu. Chagueni wiki ya pili au ya tatu ya Novemba, na muepuke wiki za mitihani na mwezi wa Ramadhani, kwani aliyefunga hatarajiwi kukaa foleni mchana kutwa.

Hatua ya tano: Zungumzeni na imamu mapema

Msimshitukize imamu wa msikiti wa chuo kwa bango. Mwendeeni wawili au watatu baada ya sala ya Alasiri, mumsalimie, mkae, mumueleze mnachotaka kufanya na mumuombe ushauri wake kabla ya kumuomba msaada wake. Nimeona mara nyingi kwamba mzee aliyefuatwa kwa adabu ndiye anayekuja kuwatetea mbele ya wanaopinga. Muombeni azungumze na vijana juu ya mambo aliyo hodari kwayo: kumzuru mgonjwa, kumsitiri mja, na uzito wa dhambi ya kusengenya na kumzulia mtu. Masuala ya kinga waachieni wahudumu wa afya wayaeleze yote kwa ukamilifu, kuanzia kusubiri ndoa na uaminifu ndani ya ndoa mpaka kondomu na dawa za kujikinga kabla ya maambukizi, bila ya kuficha na bila ya kuwafanya wanafunzi wahukumu baina ya daktari na shehe. Wawili hawa wakikutana kabla ya wiki kuanza, hata kwa kikombe cha chai tu, mgongano mwingi huondoka.

Hatua ya sita: Chungeni maneno na picha

Katika machapisho yenu andikeni "mtu anayeishi na VVU" au WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, na muache neno "muathirika", ambalo wengi wao wamekwisha kusema kwamba linawaumiza. Maneno ya mitaani kama "ngoma" au "amekanyaga waya" yasitokee katika bango lolote, hata kama nia ni kuwavutia vijana, kwa sababu anayeishi na virusi atalisoma bango hilo kila anapokwenda kula. Picha za mafuvu na za watu waliokonda mpaka mifupa ikaonekana ziwekeni kando kabisa. Picha hizo zilimwambia baba yangu katika miaka ya tisini kwamba ukipima umekufa, na ujumbe huo bado unawazuia watu mpaka leo.

Hatua ya saba: Maonesho ya historia

Mbao sita au saba katika varanda ya maktaba zinatosha kueleza namna Afrika ilivyopambana, na wanafunzi hupenda kuzisoma wakiwa peke yao bila ya kuulizwa kitu. Wekeni Uganda, ambako Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO mwaka 1987 kuwatunza watu waliokimbiwa na kila mtu, na ambako mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na vijana, na akafariki mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Wekeni Afrika Kusini, na mtoto Nkosi Johnson wa miaka 11, aliyezaliwa na virusi, aliyesimama mbele ya mkutano wa dunia wa UKIMWI mjini Durban mwaka 2000 akiomba watu kama yeye wapokewe, kisha akafariki tarehe 1 Juni 2001. Karibu naye aonekane Zackie Achmat wa Treatment Action Campaign, jumuiya iliyoundwa mwaka 1998, ambaye alikataa kutumia dawa alizoweza kuzipata yeye mpaka wananchi wa kawaida nao wazipate. Jumuiya yake iliishitaki serikali, na tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru kina mama wajawazito wenye virusi wapewe dawa ya kuwakinga watoto wao.

Ubao wa bei upeni nafasi kubwa. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilizidi dola 10,000. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kuziuza kwa dola 350. Mwanafunzi wa uchumi akisimama mbele ya tarakimu hizo mbili atafahamu kwa nini mamilioni walikufa wakati dawa zipo. Ubao wa mwisho uwe wa Botswana, iliyoanza kutoa dawa bure kwa wananchi wake mwaka 2002 na leo ni miongoni mwa nchi zilizovuka lengo la 95-95-95, yaani asilimia 95 ya wenye virusi kujua hali zao, asilimia 95 ya hao kuwa katika tiba, na asilimia 95 ya walio katika tiba virusi vyao kufubazwa. Pembezoni andikeni kwamba mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani, mfadhili mkubwa wa mapambano haya, ilisimamisha misaada yake ya nje, huduma zikatikisika katika nchi nyingi za Afrika, na muache nafasi tupu yenye kalamu kwa anayetaka kuandika maoni yake.

Hatua ya nane: Mgeni anayeishi na VVU

Hakuna somo linalofikia nusu saa ya kumsikiliza mtu aliyeishi na virusi kwa miaka kumi au ishirini, akaoa au akaolewa, akasomesha watoto. Jumuiya ya watu wanaoishi na VVU Zanzibar, ZAPHA+, inaweza kuwasaidia kumpata aliye tayari kwa hiari yake. Kubalianeni naye kabla: atazungumza nini, swali gani halijibu, kama anataka jina lake litajwe. Simu zote ziwekwe katika kikapu mlangoni, na mwenyekiti atangaze sababu yake. Mlipeni nauli na posho ya kazi yake kama mnavyomlipa mtaalamu mwengine yeyote, kwa mkono wa heshima na ndani ya bahasha.

Hatua ya tisa: Siku ya kupima

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole.

Mwaka wa kwanza wa kazi yetu, katika chuo ambacho sitakitaja, tulipewa chumba kimoja chenye mlango mmoja ulioelekea uwanja wa katikati, na mimi ndiye niliyekubali. Nje tulipanga viti, muziki na maji ya matunda, tukafurahi kuona watu wamejaa. Kila mwanafunzi alikuwa akiingia na kutoka baada ya kiasi cha robo saa. Msichana mmoja aliingia, robo saa ikapita, nusu saa ikapita, na wenzake waliokuwa vitini wakaanza kutazama saa zao. Alipotoka alikuwa ameshikilia ncha ya mtandio wake kwa vidole viwili, macho chini, akavuka uwanja bila ya kuchukua maji. Baada ya sala ya Isha habari ilikuwa imeenea dahalia nzima. Kumbe majibu yake hayakuwa na tatizo lolote. Alikuwa amekaa akimueleza mshauri habari ya ndani ya nyumba yao, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Wiki ya pili alihama dahalia. Nilimfuata kumuomba radhi, akanisikiliza, akasema tu kwamba angelijua asingeingia, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo fanyeni kama ifuatavyo. Tafuteni jengo lenye milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea upande wa nyuma, na msiweke viti wala muziki mbele ya ule wa kutokea. Pimeni VVU pamoja na shinikizo la damu, sukari na homa ya ini, ili kuingia kwa mtu kusiseme chochote na kuchelewa kwake kuwe na sababu mia. Vyumba vya ushauri viwe angalau vitatu, vyenye pazia zito na mlango unaofungika, na mmoja wenu akae ndani yake huku mwengine akizungumza kwa sauti ya kawaida nje, mhakikishe kwamba hasikiki. Baada ya majibu kila mtu, yeyote yule, apitie chumba cha mapumziko chenye chai na kaimati na akae humo dakika kumi au zaidi, ili muda wa kutoka usilingane na wa kuingia. Wanaotumia mtandao wa simu kugawa zamu hupata utulivu zaidi, kwa sababu foleni huwa fupi.

Mnapoeleza utaratibu, waambieni watu kinachotokea ndani, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Mshauri atazungumza nawe kwanza na kuomba ridhaa yako. Kidole kitachomwa, tone la damu litawekwa kwenye kipimo kidogo kisichozidi urefu wa kidole, na mtasubiri pamoja. Mstari mmoja wa uhakiki ukitokea peke yake, kipimo hakikuona virusi. Ikitokea miwili, hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyengine kabla ya jibu lolote kutolewa, na ndiyo sababu wengine hukaa zaidi. Aliyepata hatari katika wiki za karibuni ataambiwa arudi, kwa kuwa kipimo huchukua muda kuona maambukizi mapya. Asilazimishwe mtu, asipewe zawadi wala fulana inayotangaza kwamba amepima, na kiongozi wa darasa asihesabu nani hakwenda.

Wenzetu wa Pemba watahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu chuo ni kidogo na si ajabu muuguzi aliyetumwa kutoka Wete au Chake Chake akawa jirani wa mwanafunzi. Ombeni wapimaji wanaotoka wilaya nyengine, na kama mwanafunzi anataka kuhudhuria kliniki ya mbali na kwao, au hata kuvuka kwa boti, mumsaidie nauli bila ya kumuuliza sababu.

Hatua ya kumi: Baada ya wiki kwisha

Aliyepata majibu ya kuwa na virusi asiachwe na karatasi mkononi. Mshauri amuulize kama anataka kusindikizwa kliniki, na kama anataka, aende naye mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Dawa zinaweza kuanzwa siku hiyo hiyo. Bandikeni katika vyoo vya wanawake na vya wanaume, ambako mtu husoma peke yake, karatasi yenye habari za saa 72, ya Kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa aliyefanyiwa ukatili, na ya kliniki ya Kidongo Chekundu inayotoa methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuacha heroini, iliyofunguliwa mwaka 2015, kwa mwenye ndugu anayejidunga.

Lililobaki ni sanduku la maswali. Wakati wa wiki tuliliweka ukumbini na likatoka na karatasi tano; tulipolihamishia katika ngazi za maktaba, penye kona isiyo na watu, likatoka na arobaini na moja, zikiwamo zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane. Liacheni hapo mwaka mzima. Ufunguo wake awe nao mtu mmoja, muuguzi wa chuo akikubali ndiye bora, afungue kila Alhamisi, majibu yabandikwe Jumatatu kwenye ubao wa jirani bila ya kunakili swali neno kwa neno, na karatasi zenyewe zichomwe moto siku ile ile zilipotolewa.